Ekzosi Mpya, Jeti ya Zamani: Hesabu ya Hewa na Petroli katika Pikipiki za Kisumu

Miongoni mwa mabadiliko yanayofanyiwa pikipiki katika karakana za jua kali za Kisumu, kuanzia Kibuye hadi Kondele, hakuna linalojitangaza kama lile la ekzosi, yaani bomba linalopeleka moshi kutoka kwenye injini hadi nyuma ya pikipiki. Salensa, ile sehemu ya mwisho iliyonenepa ambayo kazi yake ni kupunguza mlio, hutobolewa, hukatwa, au hung'olewa na kuwekwa nyingine fupi; na pengine chujio la hewa nalo huondolewa, kwa hoja kwamba injini ikivuta na kutoa pumzi bila kizuizi itapata nguvu zaidi. Baada ya hapo mafundi hugawanyika. Wako wanaoshikilia kwamba kila ekzosi mpya lazima iambatane na jeti mpya katika kabureta, na wako wanaosema kwamba kabureta huvuta petroli kulingana na hewa inayopita, hivyo itajirekebisha yenyewe. Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini swali linalopaswa kutangulia huachwa nyuma, nalo ni kiasi gani cha hewa kimebadilika, na kimebadilika mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa kwa kiwango gani.

Suala hili si la wapenda mbio pekee. Boda boda ilianza kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, na kwa miaka mingi baiskeli ndizo zilizobeba abiria katika mitaa ya Kisumu, kabla ya pikipiki zilizoundwa India na China kuzisukuma pembeni kuanzia mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Pikipiki zinazoonekana zaidi vituoni, kama Bajaj Boxer na TVS HLX, zina injini ya silinda moja inayopozwa kwa upepo, yenye ujazo wa kati ya sentimita za ujazo 100 na 150. Boxer ya 150, kwa mfano, ina ujazo wa sentimita za ujazo 144.8 na nguvu za farasi zipatazo 12. Hizi ni pikipiki za kazi, zilizosanifiwa kubana petroli na kudumu barabarani, na kwa mwendeshaji ambaye faida yake ni kile kinachobaki baada ya kujaza tangi na kulipa mwenye pikipiki, mchanganyiko usiofaa ni hasara ya kila siku.

Kilo moja kwa kilo kumi na nne

Petroli haiungui bila hewa, na uwiano wa viwili hivyo ndio msingi wa mjadala wote. Kwa uzani, kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue bila kubakiza petroli wala oksijeni. Lita moja ya petroli ina uzani wa karibu robo tatu ya kilo, hivyo huhitaji kilo zipatazo 11 za hewa, na kwa hewa ya joto iliyo kando ya Ziwa Victoria, hizo ni zaidi ya lita 10,000 za hewa. Kwa maneno mengine, pikipiki inayotumia lita tatu kwa siku humeza zaidi ya lita 30,000 za hewa kabla ya jua kutua, na chochote kinachoelea ndani ya hewa hiyo huelekea kwenye silinda.

Hewa ikizidi kiasi kinachotakiwa, mchanganyiko huitwa mwembamba. Petroli ikizidi, huitwa mzito. Injini za petroli hutoa nguvu nyingi zaidi mchanganyiko ukiwa mzito kidogo, kwenye kilo 12.5 hadi 13 za hewa kwa kilo moja ya petroli, na katika injini isiyo na maji ya kuipoza, ziada hiyo ya petroli husaidia kupunguza joto pia. Mchanganyiko uliopungukiwa na petroli kupita kiasi huungua polepole, kiasi kwamba moto huwa bado unaendelea valvu ya kutolea moshi inapofunguka, na valvu hiyo pamoja na kichwa cha pistoni hupata joto ambalo havikukusudiwa kulibeba. Hatari huongezeka petroli yenyewe ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, kwa kuwa mafuta ya taa hupunguza uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati wake. Uchakachuaji huo ulikuwa umeenea nchini kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya.

Kabla ya kabureta na baada yake

Kabureta ni kifaa kinachopima petroli kwa kutumia upepo. Hewa ikivutwa na pistoni hupita kwenye koo jembamba, na inapopita kwa kasi shinikizo lake hushuka. Petroli iliyo kwenye bakuli dogo chini ya koo hilo hubaki katika shinikizo la kawaida la hewa ya nje, kwa hivyo husukumwa juu kupitia vijitundu vya shaba viitwavyo jeti, ikamwagika kwenye hewa kama ukungu. Hewa ikiongezeka, shinikizo kwenye koo hushuka zaidi na petroli huongezeka pamoja nayo. Hapo ndipo ulipo ukweli wa wale wanaosema kwamba kabureta hujirekebisha, na kwa mabadiliko madogo ya kiasi cha hewa maneno yao hayako mbali na hali halisi.

Ukweli huo hata hivyo una mpaka, na mpaka wenyewe ni mahali mabadiliko yalipofanyika. Ekzosi iko baada ya kabureta. Ikiifanya injini ivute hewa zaidi, hewa hiyo ya ziada bado inapita kwenye koo lilelile na kuvuta petroli yake, hata kama haivuti kwa usahihi kamili. Chujio na sanduku lake viko kabla ya kabureta, na vyenyewe ni kizuizi kidogo ambacho mtengenezaji alikitia katika hesabu: kwa kuzuia hewa kidogo, huongeza upungufu wa shinikizo kwenye koo, na hivyo husaidia kuivuta petroli. Kizuizi hicho kikiondolewa, hewa huongezeka wakati uleule ambapo nguvu ya kuivuta petroli inapungua, na mchanganyiko huwa mwembamba kutoka pande mbili. Kanuni hiyohiyo, ikigeuzwa, hueleza jambo ambalo kila mwendeshaji hulijua kwa mfuko wake, kwamba pikipiki ambayo chujio lake limeziba kwa vumbi hunywa petroli na kutoa moshi mweusi.

Kutokana na hayo hupatikana jibu la kwanza la swali. Salensa ya mwisho ikibadilishwa peke yake, huku bomba la mbele na chujio vikibaki vya kiwandani, mara nyingi jeti haihitaji kuguswa. Bomba zima likibadilishwa, kuanzia kwenye kichwa cha injini, upimaji unahitajika, na marekebisho yanaweza kuhitajika. Sanduku la hewa likiondolewa na chujio la wazi likafungwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta, marekebisho ni ya lazima, na katika kabureta ambazo pistoni yake ya ndani huinuliwa na kiwambo cha mpira kwa nguvu ya upungufu wa shinikizo, hata marekebisho hayo huwa magumu, kwa sababu kiwambo hicho hutegemea hewa tulivu ambayo sanduku lilikuwa likiitoa.

Mlio na nguvu ni vitu viwili

Imani kwamba salensa iliyo wazi huongeza nguvu kwa kiasi kikubwa haiungwi mkono na namna injini hizi zilivyosanifiwa. Kila moshi unapotoka kwenye silinda husafiri ndani ya bomba kama wimbi la shinikizo, na wimbi hilo likifika mahali bomba linapopanuka, sehemu yake hurudi nyuma likiwa wimbi la mvuto. Likirejea kwenye silinda katika muda mfupi ambapo valvu ya kuingiza na valvu ya kutoa zote ziko wazi, huunyonya moshi uliobaki na kuivuta hewa mpya iingie. Urefu na upana wa bomba ndio unaoamua wimbi hilo litarudi kwa wakati unaofaa injini ikiwa katika mzunguko gani, na mtengenezaji wa pikipiki ya kazi huuchagua mzunguko wa chini na wa kati, ambamo mzigo hubebwa.

Ndiyo maana usemi kwamba injini huhitaji kuzuiwa moshi wake ili iwe na nguvu ya kuvuta si sahihi, ingawa umetokana na jambo lililoonekana kweli: mtu akifunga bomba fupi na pana zaidi, kasi ya moshi hupungua, mawimbi hurejea kwa wakati mwingine, na pikipiki hupoteza mvuto inapoanza kuondoka na abiria wawili. Kilichopotea hapo ni mpangilio wa mawimbi, si kizuizi. Injini hizi pia huacha valvu zote mbili wazi kwa muda mfupi tu, hivyo nafasi ya wimbi kufanya kazi yake ni ndogo tangu mwanzo. Hata kama ekzosi nzuri ingeongeza nguvu kwa asilimia 5, kwenye injini ya farasi 12 hiyo ni sehemu sita za kumi za farasi mmoja, kiasi ambacho mzigo mmoja wa samaki kutoka Dunga hukimeza bila kuacha alama. Mwendeshaji anayetafuta nguvu ya kupandia mlima huipata kwa uhakika zaidi kwa kubadilisha sprokiti ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, kwa yenye meno mengi kuliko ile ya awali, akikubali kupoteza kasi kidogo kwenye tambarare.

Miripuko midogo inayosikika mwendeshaji anapofunga mkono wa mafuta nayo hueleweka vibaya. Huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba jeti imekuwa ndogo, ilhali mara nyingi hutokana na gasketi ya ekzosi iliyochoka au kiungo kisichokazwa sawasawa baada ya bomba jipya kufungwa: hewa safi huvutwa ndani ya bomba na kuuwasha mvuke wa petroli ambao haukuungua. Fundi anayebadilisha jeti kabla ya kukagua viungo hutibu ugonjwa usiokuwapo.

Vumbi la tambarare ya Kano

Kuondoa chujio kabisa ni jambo la namna nyingine, kwa kuwa madhara yake hayawezi kufutwa na jeti yoyote. Barabara nyingi zinazotoka lami kuu na kuelekea ufuoni, katika tambarare ya Kano, Asembo, Bondo au ng'ambo ya ghuba ya ziwa kuelekea Mbita, ni za murami au udongo, na wakati wa kiangazi kila gari linalopita huacha wingu la vumbi. Vumbi hilo lina chembechembe za mchanga mgumu ambazo, zikifika kwenye silinda pamoja na yale maelfu ya lita za hewa, huchanganyika na oili na kuzisaga ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Dalili huja polepole: pikipiki hupungua mgandamizo, huanza kula oili, hutoa moshi wa buluu, na hatimaye huhitaji silinda na pistoni mpya. Kuongeza petroli kwa jeti kubwa kunaweza kuurudisha uwiano wa mchanganyiko mahali pake, lakini petroli haichuji mchanga.

Faida ambayo ziwa huwapa Wakisumu

Kisumu iko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, na jambo hili, ambalo hutajwa zaidi katika vitabu vya jiografia kuliko katika karakana, lina nafasi kubwa katika hesabu ya jeti. Shinikizo la hewa mjini humo ni takriban asilimia 88 ya lile la Mombasa, na hewa yenyewe ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta haijui kwamba hewa imekuwa nyepesi. Hupima kasi ya upepo, na petroli inayoitoa haipungui kwa kiwango kilekile ambacho uzani wa hewa umepungua. Matokeo yake ni kwamba kabureta iliyopangwa sawasawa pwani hutoa mchanganyiko mzito zaidi kwa asilimia 5 au 6 ikifika Kisumu, na mzito zaidi tena ikipanda hadi Kericho au Nandi Hills, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi.

Kwa sababu hiyo, pikipiki iliyotoka kiwandani na jeti inayofaa sehemu za chini huwa na akiba ndogo ya petroli inapofanya kazi kandokando ya ziwa, na ekzosi inayoongeza hewa kidogo inaweza kuitumia akiba hiyo bila kuuvuruga uwiano unaofaa. Fundi wa Kisumu anayefuata vipimo vya jeti vilivyoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani, au vilivyoletwa kutoka nchi nyingine pamoja na ekzosi yenyewe, anaweza basi kuongeza petroli ambayo haikuhitajika, na mwenye pikipiki akailipia kila anapojaza tangi.

Skrubu moja haitoshi

Kabureta haina mlango mmoja wa petroli. Mkono wa mafuta ukiwa umefungwa au umefunguliwa kidogo tu, petroli hutoka kwenye jeti ndogo, na skrubu iliyo ubavuni mwa kabureta hurekebisha hatua hiyo peke yake. Mkono ukifunguliwa kati ya robo na robo tatu, kinachotawala ni sindano, kijiti kilichochongoka ambacho huinuka na kuacha nafasi pana zaidi kwa petroli. Jeti kuu, ambayo ndiyo hubadilishwa mara nyingi zaidi, huamua kiasi cha petroli pale tu mkono unapokaribia kufunguliwa wote. Mwendeshaji wa boda boda kati ya Nyamasaria na stendi kuu hutumia muda mwingi wa siku yake katika hatua mbili za kwanza. Kwa hivyo pikipiki yake inaweza kuwa na jeti kuu mpya kabisa na bado ikaenda na mchanganyiko usiofaa karibu siku nzima.

Kosa lililozoeleka zaidi ni kuigeuza skrubu huku injini ikinguruma papo hapo karakanani, kusikiliza mlio ukiwa laini, na kuhitimisha kwamba kazi imekwisha. Injini isiyobeba kitu haiwezi kueleza itakavyokuwa ikibeba mzigo. Upimaji wa kuaminika hufanywa barabarani: kwenye barabara iliyonyooka ya kuelekea Ahero kwa mwendo wa kawaida, na kwenye mwinuko wa Riat, kaskazini mwa mji, kwa mzigo na mkono uliofunguliwa. Mwendeshaji hushikilia mkono mahali pamoja kwa muda, kisha huzima injini na kukata gia kwa wakati mmoja, husimama, na plagi hufunguliwa ikaguliwe. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu huonyesha uwiano mzuri. Nyeupe iliyokauka huonyesha mchanganyiko mwembamba na joto kali. Nyeusi yenye masizi huonyesha petroli iliyozidi. Tangu petroli yenye risasi iondolewe sokoni mwanzoni mwa mwaka 2006 rangi hizi zimefifia, hivyo plagi hupaswa kusomwa pamoja na dalili nyingine: pikipiki inayomisi na kukosa nguvu mkono unapofunguliwa, bomba la mbele linalogeuka buluu kwa joto, au idadi ya kilomita kwa lita iliyoandikwa kabla na baada ya mabadiliko.

Jeti ikithibitika kuwa ndogo, hubadilishwa kwa hatua moja ndogo kwa kila jaribio, na kwa jeti iliyotengenezwa kiwandani. Desturi ya kuitanua kwa waya au sindano ya kushonea huonekana kuwa nafuu, lakini tundu lenye kipenyo cha milimita moja likiongezwa sehemu tano tu za mia za milimita, kiasi kisichozidi unene wa unywele, eneo lake huongezeka kwa asilimia 10, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kukipima kiasi hicho kwa waya.

Pikipiki zenye kompyuta

Mambo hubadilika kidogo katika pikipiki zinazopuliza petroli kwa kompyuta, ambazo zimeenea India tangu kanuni kali za moshi zilipoanza kutumika huko Aprili 2020. Nyingi kati ya hizo zina kihisi cha oksijeni ndani ya ekzosi, ambacho huiarifu kompyuta mchanganyiko ukiwa mwembamba au mzito, nayo husahihisha. Usahihishaji huo una mipaka, na mara nyingi husimama mkono unapofunguliwa wote, ambapo kompyuta hurejea kwenye vipimo ilivyowekewa kiwandani. Salensa mpya kwa kawaida huwa ndani ya mipaka hiyo, ila fundi akiiacha nje waya ya kihisi, au akikifunga mahali penye uvujaji wa hewa, kompyuta hupewa habari za uongo na kusahihisha kisichokuwa na kosa.

Kuna pia sheria. Nchini Kenya chombo cha barabarani hutakiwa kuwa na salensa inayofanya kazi, na kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira NEMA, zinakataza kelele za kukera. Salensa iliyotobolewa inayopita usiku mbele ya Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga inaweza kuwa haijaongeza hata nusu ya farasi, ilhali wodi nzima imeamka.

Baada ya yote hayo kuzingatiwa, hubaki jambo moja ambalo hakuna jeti inayolimaliza. Kabureta ya kawaida hupangwa kwa ajili ya mahali pamoja na kazi moja. Pikipiki iliyopimwa vizuri ufuoni Dunga, ikipakiwa abiria na kuupanda ukuta wa milima ya Nandi, hufika juu ikiwa na petroli iliyozidi, na iliyopimwa kule juu hushuka ziwani ikiwa na petroli pungufu, iwe na ekzosi mpya au ya kiwandani. Kwa hivyo fundi anayeulizwa kama ekzosi inahitaji jeti huanza vyema kwa kuuliza pikipiki hiyo hulala wapi, hubeba nini, na hupanda wapi, kwa maana majibu ya maswali hayo matatu huibadilisha hewa inayofika kwenye silinda, na mara nyingi kwa kiasi kinachozidi kile kinacholetwa na salensa.